Sahani ya Marehemu

Bohol, 14 Mei 1901

Dada mpenzi Potenciana,

Pokea salamu zetu sote. Shemeji na kifua chake vipi? Sisi hatujambo, na mimi sasa usingizi naupata. Barua hii kakuletea binamu Tacio. Ukishaisoma, itie jikoni iungue.

Ulisikia homa ilivyomchukua Shangazi Gliceria. Tulimsalia siku tisa kama desturi, na siku ya mwisho nyumba ilifurika wanaume wa kila kijiji. Mtu akapeleka umbeya kwa Gavana kwamba waasi wanakutana kwetu. Mkubwa wangu huyo ni mwanajeshi wa Kimarekani, subira hana. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, huniuliza muasi Melecio, kaka yetu, yuko wapi, maana amri ya kumpiga risasi niliinakili mwenyewe.

Mchana ule alikuja na askari kumi, nami nyuma kama mkalimani wake. Melecio alikuwa ameshuka mlimani kumwombea shangazi aliyemlea. Alipoona bunduki alijitosa ghalani, ndani ya mpunga. Askari wakaelekea huko huko.

Gavana alisimama mezani akauliza ile sahani ya wali na nguruwe isiyoguswa ni ya nani. Nikamweleza kuwa ni ya marehemu, siku ya tisa naye huwekewa chakula. Akauliza marehemu ni nani.

Dada, hapa naungama. Nilimjibu kuwa ni Melecio. Wote waliinamisha vichwa, hata Baryo mlevi hakucheka. Gavana akavua kofia, akawaita askari wake, wakaenda zao.

Jumatatu nilinakili barua yake ya kwenda Manila: Melecio amekufa, msako umefungwa. Nikagonga na muhuri. Mama naye kaletewa rambirambi rasmi, kaiweka chini ya sanamu ya Bikira.

Melecio mwenyewe alitoka ghalani na mapumba kichwani, akaketi, akaila sahani ile mpaka mwisho, akisema mwenye chakula ni yeye. Mama alimzaba kofi, kisha akamkumbatia, akalia sana. Sasa yuko kwa wajomba, analima kwa jina jingine, na Gavana anakunywa kahawa yake bila kuniuliza kitu.

Ila Mama hajanisamehe. Anasema sala za Shangazi nimeziiba nikampa mtu aliye hai, kwa hiyo Jumapili tunaanza siku tisa upya. Njoo utusaidie kupika.

Wabusu watoto.

Ndugu yako,
Eustaquio