Tonton Alifungua Aparei

Bukavu, dimanche

Nashindwa hata kumukasirikia vizuri. Tonton Faustin, mujomba wangu, alifungua aparei yangu ya picha eti aone kama picha zimetoka!

Ndani mulikuwa pelikule, filamu yangu ya mwisho, ya picha kumi na mbili tu. Koko, mama ya mama yangu, alikataa kupigwa picha tangu babu alikufa. Leo kisha misa akakubali mwenyewe, akavaa kitenge chake cha bleu. Nilipiga zote kumi na mbili, polepole. Nikaweka aparei ku meza niende kunawa mikono.

"Tonton, mwangaza unachoma pelikule!"

"Picha gani inaogopa mwangaza? Si upige na telefone?"

Telefone! Nilitoka inje nisiseme maneno ya kumukosea heshima.

Kumuambia Koko ndiyo ilinitisha. Niliogopa atasema ni babu, kule aliko, ndiye amekataa hizo picha.

Alicheka.

"Afazali. Nilifunga mudomo juu ya meno yangu mbili yenye kubakia. Leta pelikule ingine, nitacheka hivi."

Rafiki wa Kigali mwenye kunitumia pelikule anasema ningoje ingine mwezi muzima. Na Koko anakohoa tangu Pasaka.

Mungu, umuchunge Koko huo mwezi. Na Tonton umufunge mikono.