Nusu Saa ya Shangazi Gunvor

Jumatatu, 2 Januari 2006

Kesho! Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kamera zitasoma namba ya kila gari liingialo katikati ya Stockholm, na kila gari litatozwa, ili foleni zipungue. Majaribio hadi Julai. Septemba, kura ya maoni. Hotuba yangu kwa chama cha wanafunzi ina kurasa nne. Ukurasa wa tatu ndio wenye moto: watu wa kisiwa cha Lidingö, eti kwa kuwa hawana njia ila kupitia mjini, wanasamehewa wakivuka mji, kamera hadi kamera, ndani ya nusu saa. Kwa haki ipi? Asisamehewe mtu.

Nilimsomea shangazi Gunvor kwa simu. Yeye ni wa Lidingö. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama nimekula.

Jumanne, 3 Januari

Barabara tupu. Tupu! Basi lilifika mapema mno, dereva akalazimika kungoja saa yake. Nilicheka peke yangu kituoni kama mwehu.

Shangazi hasadiki. Hiyo nusu saa ni kiini macho, asema; foleni haijawahi kumpa. Kesho anakwenda Solna, upande wa pili wa mji, mazoezi ya kwaya — nimsindikize nishuhudie. Akitozwa, kura yake ni hapana. Na wanakwaya kumi na wanane hufuata sauti yake.

Jumatano, 4 Januari

Mkahawani, barabara ya Valhallavägen. Kamera ya kwanza tuliipita saa mbili na dakika tano.

"Wamekwenda wapi wote?"

"Wamepanda treni, shangazi."

"Usinihutubie, Tove. Naendesha."

Dakika ya tisa, kamera ya kutokea ilikuwa karibu kuonekana. Nikaanza kuimba. Naye akakata kona, akaegesha: dirishani kuna semla, maandazi ya krimu, za kwanza mwaka huu.

"Zimebaki dakika ishirini na moja, mwanangu. Nani apite semla na muda anao?"

Amekula mbili. Krimu puani, amekiri kwamba pengine vijana si wajinga wote. Sasa amefuata kikombe cha pili cha kahawa. Hapa cha pili ni bure, na hakuna Mswidi anayekiacha. Dakika ya ishirini na nne. Anamsimulia muuzaji jinsi njia ilivyo nyeupe.

Nikinyamaza, atalipa kama raia yeyote: haki imetimia, kura kumi na tisa zimekwenda. Nikisema —

Anarudi, vikombe viwili, hatua ndogondogo asije akamwaga. Koti lake tayari liko mkononi mwangu.