Kifaru cha Kulinda Makaki

Mlimani, Gifu, 2 Oktoba

Mdogo wangu Tokuji,

Habari za Shizuoka, na kiuno chako kinaendeleaje? Huku baridi imeanza kushuka asubuhi. Mimi mzima, ila sikio la kulia limekufa kabisa, kwa hiyo usinipigie simu, tutagombana bure. Andika.

Nyani wamemaliza viazi vitamu. Vyote! Nilitoka na ufagio nikawafokea, na yule dume aliyechanika sikio akakaa kitako, akala huku ananitazama. Mwanamume akipita barabarani wanatimua mbio. Mimi bibi kizee hata hawageuki.

Sasa sikiliza. Mwanangu Norihiko amesema, nami kwa kiburi changu nikamjibu "sawa": nyani wakila makaki, matunda ya ule mti wangu wa uani, mwaka huu kama walivyoyala mwaka jana, nahamia kwake Nagoya. Yakipona nikayaanika barazani, nabaki, na hatalizungumza tena. Kwake ni ghorofa ya tisa, Tokuji! Asubuhi nikimwekea marehemu mume wangu Shigezo wali wake wa tambiko nitakuwa natazama nini, lifti?

Juzi nilikitoa ghalani kile kifaru chake cha vita cha rimoti, mlichokuwa mkikichezea nyie wazee wawili wenye mvi bila haya. Nikakiendesha uani. Nyani waliganda! Lakini kesho yake walishazoea, mtoto wao mmoja akakipanda mgongoni. Hakina meno. Kitie meno. Unayo ile bunduki ya kuchezea inayotema vigololi vya plastiki. Itoe utumbo wake uutie humo. Kifaru nimekituma leo. Usiniambie haiwezekani.

Dada yako,
Chizuru

---

Shizuoka, 13 Oktoba

Shikamoo dada,

Kiuno kipo, hakinisahau. Mke wangu anakusalimu, na anauliza kama umerukwa na akili.

Niseme langu kwanza: Norihiko ana haki. Una miaka sabini na minne, uko mlimani, jirani yako ni Bi Sawano peke yake, naye ni mzee kuliko wewe. Haya, nimesema.

Kifaru kimekubali. Gia na mota ya bunduki vimeingia kichwani mwake kwa kubanana. Ukisukuma kijiti cha kushoto cha rimoti hadi juu, kimota kidogo kinabonyeza swichi, na bunduki inatema. Bunduki ina betri yake nyeusi, kifaru kina betri yake ya njano. Usizichanganye. Umenisikia, dada? Nimeweka miwani ya kinga. Ivae kabla ya kuwasha, na usikae mbele ya mtutu hata kimezimwa. Kigololi hakimuui nyani, kinamchoma tu akimbie. Lakini jicho ni jicho.

Mdogo wako,
Tokuji

---

Mlimani, 27 Oktoba

Tokuji weee!

Hujambo? Mimi sijawa mzima hivi tangu Shigezo afariki. Ungewaona! Nilikaa barazani na rimoti chini ya aproni, kifaru nimekificha nyuma ya rundo la kuni. Sikio Kuu, yule dume wa sikio lililochanika, alipofika mguuni pa mkaki nikakitoa taratibu, nikamlenga makalio. Aliruka juu hadi nikadhani hatarudi chini! Bi Sawano alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Ila kuna jambo. Chaja ya betri nyeusi niliiacha karibu na jiko, ikayeyuka. Basi waya za bunduki nimeziunga kwenye ile ya njano, nikazungushia utepe. Inafanya kazi! Mara nyingine inatema yenyewe bila kubonyezwa, na nyani hilo ndilo wanaloliogopa zaidi. Makaki yamebakiza siku chache tu yachumwe.

Dada yako,
Chizuru

---

Shizuoka, 30 Oktoba, kwa posta ya haraka

Dada,

Leo sina salamu. Zima hicho kitu! Mota ya bunduki ikianza inanyonya umeme wote, kipokezi cha rimoti kinakosa nguvu, na kikizinduka hakijui kimeambiwa nini. Kinaweza kutema muda wowote, hata ukikiwasha tu, hata ukiwa umekishika. Toa vigololi. Kata waya mwekundu wa bunduki. Nitakuletea chaja nyingine.

Nijibu leo hii.

Tokuji

---

Shizuoka, 6 Novemba

Dada,

Umenyamaza. Nimepiga simu, inalia mpaka inakata. Sili vizuri, nakuona umelala uani na hakuna wa kukuinua.

Nimempigia Norihiko. Usinikasirikie. Nimemwambia tu aje akutazame, basi. Habari ya waya sijamtajia hata neno, asije akapata kisingizio cha kukubeba. Siri yako iko salama.

Mdogo wako,
Tokuji

---

Mlimani, 12 Novemba

Mdogo wangu Tokuji,

Natumaini umeanza kula. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ya haraka ilifika. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikasema moyoni, siku chache tu, nimalize kuchuma. Sikukata waya. Ndiyo maana sikujibu, ningekujibu nini?

Nikachuma yote. Nikayamenya, nikayafunga kamba, nikayaanika. Baraza nzima ni rangi ya chungwa. Norihiko alifika Jumapili, akasimama uani akatazama juu, akacheka. "Haya mama, umeshinda. Baki." Tokuji, nilitaka kucheza!

Nikaenda kuinjika chai. Niliporudi mlangoni amekipakata kifaru, mtutu unamwangalia usoni, kidole kiko kwenye swichi. "Si hiki alichokuwa nacho baba?"

Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka pumzi tupu. Kati yetu palikuwa na mkeka mmoja tu. Akawasha, kikatema. Vigololi viwili vilipasua kioo cha miwani yake ya macho, kimoja kikachana nyusi. Damu ikamjaa usoni, na kwa kitambo, hatukujua mimi wala yeye kama jicho lipo.

Lipo. Daktari amemshona, na yeye anatania eti marehemu baba yake amemchapa. Hajanilaumu. Anasema neno lake ni neno, nibaki.

Nimemwambia makaki yakikauka nahamia kwake. Anashangaa: "Kwa nini, mama, na umeshinda?" Nimemjibu nyani wamenichosha. Akikuuliza, nawe sema hivyohivyo. Wewe ulimficha, mimi nikamficha, na aliyekaa mbele ya mtutu ni yeye. Lakini hilo ningeweza kulilia nikalimaliza. Ni miguu, Tokuji. Mwanangu alikuwa mkeka mmoja tu mbele yangu, na sikumfikia.

Waya mwekundu nimeukata kwa mkasi wa jikoni. Kifaru kinakuja kwa posta. Kitie betri yake nyeusi, kisha kilete mwenyewe kwa Bi Sawano, maana nyani watahamia kwake. Mvalishe miwani kwa mikono yako.

Fungu lako la makaki utalipata kabla ya mwaka mpya. Usishangae ukiona anwani ya Nagoya.

Dada yako,
Chizuru