Gauni la Neema na Ugonjwa wa "Nakuja"

Mwanjelwa, Mbeya

Dada yangu Upendo,

Kamwene, na shikamoo juu yake. Habari za Mlandege? Goti linasemaje na baridi hii? Huku mvua haitaki kuondoka, lakini mimi mzima, nakula, na kitambi kinaendelea vizuri kuliko mwenyewe.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu huwa naanza na habari yangu namaliza na ya jirani. Tena wiki iliyopita ulinikatia kabla sijajitetea. Ulisema, "Elia, gauni la sendofu la Neema lisipofika Jumamosi, rudisha kitambaa nimpe fundi mwenye akili zake." Sikukasirika, dada. La kipaimara nililileta Jumanne, na ibada ilikuwa Jumapili iliyotangulia. Mtoto akasimama mbele ya mchungaji na sare ya shule. Mjomba gani huyo?

Sasa sikia. Miezi minne iliyopita alikuja mama mmoja wa kwaya kujaribu gauni. Nikambana pini mwili mzima, mara naona uzi wa kijani umeisha. "Mama, nakuja." Nikatoka. Njiani nikamkuta mtu ana redio mbovu, nikasimama kuitazama, nikamsindikiza kwa fundi, nikapita sokoni. Niliporudi jua limeshageuka. Mama wa watu bado kasimama katikati ya duka, mikono kaitanua kama sanamu ya kufukuzia ndege. Kila akitaka kukaa, pini zinamkataza.

"Uzi uko wapi?" akauliza.

Nilikuwa na parachichi sita.

Mama Zaina, mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Gujarat na yeye Kisafwa anakijua kunishinda, hakupiga kelele. Alisema, "Elia, mkono kama wako sipati. Lakini kichwa chako kinanifukuzia wateja. Binti wa dada yangu alikuwa hivi hivi, akasaidiwa hospitali. Nenda. Usipokwenda, cherehani nampa mwingine."

Nikaenda. Daktari aliuliza maswali mpaka ya darasa la pili. Ungemsikia ungedhani alilelewa nasi. Mwisho akasema hii inaitwa ADHD. Si uzembe, si kurogwa. Ndivyo ubongo wangu ulivyo tangu utotoni: umakini unahama bila kuaga. Miaka arobaini na tisa, dada! Nilikaa kwenye benchi nje nikalia kidogo, kisha nikaondoka nikaacha kofia pale pale.

Akanipeleka kwa mshauri, Bi Sekela, Mnyakyusa asiyecheka ovyo. Namwona kila Jumatano. Dawa tumezizungumza, ila tumeanza na mazoea kwanza. Nilipomsimulia habari ya pini, akauliza, "Ukisema nakuja, huwa unakwenda wapi?"

Sote tunasema nakuja huku tunaondoka, lakini wenzangu hurudi. Basi akalipiga marufuku neno hilo. Lazima nitaje mahali, kitu kimoja, na muda: "Naenda duka la kona, uzi wa kijani, dakika kumi," na simu nimeitegesha ilie. Wiki ya kwanza Mama Zaina alicheka mpaka akashika meza, maana nilimtangazia hata safari za chooni.

Kazi nayo siibebi kichwani tena. Kila kitambaa kimebanwa karatasi yenye hatua moja moja, nikimaliza moja naifuta kwa kalamu. Na siku ya mteja kuja kuchukua nguo anaitaja Mama Zaina, kwa sababu mimi kwangu kila kitu ni "kesho". Bado napotea, nisikudanganye. Juzi nilipachika mfuko wa suruali mdomo ukiangalia chini. Lakini niliuona mwenyewe, nikafumua kabla ya chai.

Basi gauni la Neema limo kwenye mfuko uliokuja na barua hii, na leo ninapoandika ni Alhamisi. Vaa miwani, ukague mishono. Najua utatafuta kosa; ukilikosa, usiumie.

Msalimie shemeji, na mama mdogo wa Ipogolo, na bibi harusi mwenyewe, mwambie mjomba wake anamwombea mume mwenye subira kama ya mama wa kwaya.

Pindo la chini nimeliacha makusudi, maana siwezi kulikata bila kuona viatu. Nitafika wiki ijayo, siku tatu kabla ya shughuli ya kumuaga Neema, tiketi nimeshakata. Hapo nina ombi. Bi Sekela aligundua kwamba kinachonishinda ni kipande cha mwisho cha kazi, na kwamba nikiwa na mtu karibu namaliza. Si wa kunisaidia wala kunisimamia, wa kukaa tu na shughuli zake. Huku hukaa Mama Zaina, anachagua mchele wake wa Chimala. Huko sina wa kumwomba ila wewe, uliyenifokea tangu nikiwa na kaptula. Vuta kigoda, chambua maharage yako. Usiniambie "tulia". Kaa tu, dada, mpaka nikate uzi.

Mdogo wako,
Elia