Nimemwozesha Dereva wa Vitani kwa Nesi Asiyekuwepo

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada, na naomba usiichane barua hii kabla hujafika mwisho, maana mwanzo wake una nia njema kabisa, ni katikati ndiko nilikoharibu.

Mimi ni mwanamke mwenye mume na watoto wawili, kazi yangu ni kupokea wateja kwenye karakana ya ushonaji, tunashona sare za shule na mapazia, na mwaka ule nchi ile ilipovamiwa na jirani yake mkubwa, redio zote zikawa hazina habari nyingine, mwenye karakana, tunayemwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani, alisema na sisi tutoe tulicho nacho, na tulicho nacho ni cherehani, basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunashona machela za kitambaa, zile za kukunja zenye vishikio vinane, za kubebea majeruhi mahali gari lisipofika, na mwisho wa mwezi gari la shirika moja la misaada linapita kuzichukua.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu ishirini na sita, wengine wakakaa sakafuni kukata nyuzi kwa kukosa viti, na alikuja hata mheshimiwa mmoja na tumbo lake akalala kwenye machela apigwe picha, tukambeba watu wanane kuzunguka karakana nzima huku anapunga mkono. Mimi nilipewa kazi ya kusoma barua. Kule machela zetu zilikuwa zinapokelewa na dereva wa gari la wagonjwa, naye alituandikia kila mwezi, na lugha yao niliisoma chuoni miaka mitatu, haikuwahi kunifaa kwa lolote mpaka vita hivi vilipoanza, kwa hiyo nikawa nasimama kwenye meza ya kukatia, nasoma kwa sauti, watu wanafuta machozi, wanarudi kushona mpaka sindano zinapata moto.

Sasa mshauri, vita havikuisha. Ukaja mwaka wa pili, ukaja wa tatu, na barua zikawa zilezile, machela zimefika, asanteni, barabara mbaya, leo tumebeba watu kumi na mmoja, goti langu linauma, tuleteeni nyingine. Sikufichi, nilianza kupiga miayo nikifungua bahasha, nikajionea aibu, na bahasha iliyofuata nikapiga tena. Wale ishirini na sita wakawa saba. Mmoja ana wageni, mwingine ana mafua, mwingine aliniambia usoni kwamba vita hivyo sasa vimekuwa virefu mno, utadhani ni mimi niliyevirefusha. Mheshimiwa ndiyo usiseme, hakuonekana tena hata kwa dawa.

Ndipo nikatia chumvi. Siku hiyo barua ilikuwa na mistari minne tu, nikaona haya kuwasomea watu saba mistari minne, nikaongeza kwamba dereva amempenda nesi. Hapa ujue kwamba dereva mwenyewe ni mama wa miaka sitini na moja, zamani alikuwa anaendesha basi la shule, lakini karakana nzima walishamfanya kijana mrefu mwenye macho ya huzuni, na mimi sikuwahi kuwasahihisha. Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na wawili. Barua ya mwezi nikaanza kuigawa vipande vya kila Jumamosi, nikamfanya nesi ajifanye hamtaki, wakaja kumi na tisa. Nikaleta daktari mwenye sauti nzito anayemtaka nesi huyohuyo, wakajaa mpaka mlangoni, na mkata vitambaa wetu, mwanamume pekee pale, jina lake la kazi ni Mkasi, alilia akalowesha pazia la mteja.

Halafu kuna mama mkwe wangu. Kwa miaka tisa mama mkwe alikuwa ananisalimia kama anavyomsalimia msoma mita. Aliposikia habari za nesi akaanza kuja kila Jumamosi, ananiwekea kiti ubavuni kwake, ananimenyea chungwa, ananiita mwanangu mbele za watu, na mimi mshauri nilikuwa na njaa ya neno hilo kuliko nilivyojua. Nilipotangaza kwamba nesi amemkubali dereva na harusi itafungwa hukohuko handakini, ndiye aliyesimama akasema, "Msichana wa watu hawezi kuolewa kwenye handaki na nguo za kazi. Tutamshonea." Basi machela zikawekwa pembeni, akafumua mapazia yake mwenyewe ya sebuleni, yale meupe, wakabishana wiki mbili kuhusu kiuno cha nesi mpaka nikalazimika kutoa vipimo, nikatoa vyangu vya kabla sijazaa, na gauni likaenda vitani na mkia wa mita tatu.

Jibu limefika wiki iliyopita, nakuandikia lote kama lilivyo: "Tumepokea gauni jeupe lenye mkia. Hatujui ni la nani, hapa hakuna anayeolewa. Tumelikatakata na limetufaa kufungia vidonda. Machela hazikuja. Zile za mara ya mwisho, moja imefumuka vishikio viwili tukiwa kwenye ngazi, na tuliyembeba ameanguka. Alikuwa ameumia mguu, sasa ameumia na mkono. Aliyeshona asikasirike, ila akaze. Goti langu bado."

Sikuisoma. Nilisimama nayo mkononi nikawaambia bibi harusi amelia kwa furaha, wakapiga makofi, mama mkwe akahesabu miezi kwa vidole, na sasa wanashona nguo za mtoto, za njano, kwa sababu hatujui atakuwa wa kike au wa kiume. Hayo ya vishikio kufumuka si mara ya kwanza kuandikwa, huwa nayaruka, maana naona mtu anayejitolea si vizuri kumkosoa, na ni kweli siku hizi wanashona shingo zimenigeukia mimi, kishikio kilichokuwa kinapitishwa mshono mara nne kinapitishwa mara mbili.

Anayejua ni mume wangu peke yake. Nilipomweleza alisema bila kushusha gazeti la michezo, "Muue nesi. Bomu moja tu, yaishe." Nimeshaandika kifo chake, mshauri, kizuri, nimelia mwenyewe jikoni. Lakini nikimuua naogopa wataona hadithi imekwisha na watakwenda zao, na nikisema ukweli watakwenda zao wakiwa wamenichukia, mama mkwe akiwa wa kwanza, na kule haitafika machela hata moja, na nikinyamaza watashona vikofia vya mtoto mpaka vita viishe. Gari linakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikikaa kidogo tu bila kazi namwona yule aliyeanguka ngazini. Nimuue nani, au nifanyeje?

Mimi, mkalimani niliyezidisha.

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, na sikupenda kucheka. Mheshimiwa na tumbo lake amenivunja mbavu, kiuno cha nesi kimenimaliza, na nilipofika kwenye ngazi niliiweka barua yako mezani nikaenda kunywa maji.

Tuanze na swali lako. Usimuue mtu. Kule wanakufa wa kutosha bila msaada wa kalamu yako. Kile kifo kizuri ulichokililia jikoni kichane leo, na mumeo mwache aendelee na gazeti lake la michezo, ushauri si fani yake.

Kuchoka hakuna anayekulaumu. Mimi mwenyewe redio ikifika kwenye vita hivyo nakumbuka ghafla kwamba nina vyombo vya kuosha. Vita vya watu wengine vinachosha upesi kwa sababu sisi tunaweza kuvizima tukanywa chai. Yule mama dereva naye amechoka, tena ana goti, ila kwake hakuna kitufe cha kuzimia. Tangu aanze kukutajia hilo goti, umewahi hata siku moja kumuuliza linaendeleaje? Nilijua.

Sasa nikugombeze vizuri. Unasema watu walichoshwa na barua. Barua ipi? Wewe ulikuwa unaondoa kila mstari unaouma, unawaachia asanteni na barabara mbaya. Kwa barua ya namna hiyo hata mimi ningeshikwa na mafua. Uliyechoka wa kwanza ni wewe, ukawafanyia wenzako uamuzi kwamba ukweli hawauwezi, kisha ukagundua kwamba ukitunga unapigiwa makofi na kumenyewa chungwa. Sikulaumu kwa kulipenda chungwa. Nakulaumu kwa sababu mtu mwingine ndiye aliyelilipia, kwa mkono wake.

Na hii ndiyo sehemu inayonishangaza. Katika barua zote za dereva kuna sentensi moja iliyoandikwa kwa ajili ya mafundi hasa, inayowahusu wao na hakuna mwingine duniani, nayo ndiyo unayoiruka. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo sikiliza. Mwambie fundi kwamba mumewe ana mwanamke mwingine, atamalizia pindo kwanza ndipo alie. Mwambie mshono wake umefumuka mbele za watu, chai yake itapoa mezani. Mlimbeba yule mheshimiwa kuzunguka karakana nzima na hakuna uzi uliokatika. Kushona mnajua. Mlichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mmeanza kulipua kazi, na mtu huyo alikuwa wewe, umesimama juu yao na barua mkononi, unawasimulia mapenzi.

Haya, kazi ya kufanya. Kwanza nenda kwa mama mkwe, wewe peke yako, mchana, kabla hujamwambia mwingine yeyote. Asiaibishwe mbele ya watu aliowashawishi yeye. Jibu hili nakutumia Jumanne, na gazeti linatoka Alhamisi asubuhi. Jina lako nimelificha, lakini karakana zilizowahi kupeleka gauni la harusi vitani sidhani kama zinafika mbili, kwa hiyo hakikisha umebisha hodi kwake kabla ya muuza magazeti. Mwambie nesi hayupo. Mwambie dereva ni mwanamke anayekaribia umri wake. Huenda ukarudi kwenye salamu za msoma mita kwa muda, zimeze, umezitafuta mwenyewe. Ila kabla hujaondoka msomee mstari wa lile gauni. Mapazia yake ya sebuleni yamefunga vidonda vya watu. Hilo hukulitunga wewe, ni la kweli, na ana haki ya kulijua hata kama ataamua kukununia.

Jumamosi waambie wakunjue kitambaa cha machela mezani kabla hujafungua mdomo. Kisha soma barua ile neno kwa neno, basi la shule uliseme, umri wake useme, na goti, na ngazi. Ukifika kwenye vishikio usiharakishe. Usitafute ni nani aliyevishona. Kila mmoja atadhani ni yeye, na ndivyo ninavyotaka. Kubali kosa lako kwa sentensi moja, kwamba nesi nilimtunga na nimekosa, basi. Hotuba ya kuomba radhi sitaki kuisikia, maana ukianza kulia watakubembeleza, Mkasi atalia na wewe, na asubuhi nzima itakuwa yako tena kama zilivyokuwa Jumamosi zote hizi. Nguo za mtoto msizitupe, watoto wapo kule, na hawajali dereva ni nani. Zitaingia kwenye gari zikiwa juu ya machela.

Na kuanzia sasa, barua ikija na mistari minne, soma minne. Ikirudia ya mwezi uliopita, waambie imerudia. Mambo yanajirudia kwa sababu kule watu wanaumizwa vilevile kila mwezi.

Wengine watachukua pochi zao waende, na watakusema njiani, na watakuwa na haki. Usiwakimbilie. Wahesabu waliobaki. Kama ni watatu, gari lichukue machela tatu, na watu watatu watashushwa ngazi bila kudondoshwa.