Wamama wa Avenue Yetu Watarudishwa Mlangoni

Jumanne, alasiri. Joto la mvua inayotutishia tu. Mawingu yamekaa juu ya mto Tshopo tangu asubuhi na hakuna hata tone.

Kesho tunapiga kura. Kampeni imekwisha jana, na leo mji umenyamaza mpaka nasikia maji ya mto yakiporomoka kule kwenye bwawa. Nimetwanga lituma ya ndizi, nikapika na pondu ya majani ya muhogo, nyingi kama kawaida. Halafu nikakumbuka kwamba sina wa kumpitishia sahani.

Bon, niseme ni nani. Mama Neema ni jirani yangu. Jiko lake na langu yanatenganishwa na ukuta wa mianzi. Mume wangu alipofariki, yeye na wamama wa avenue, mtaa wetu huu, ndio waliolala chini pamoja nami siku zote za matanga, na tangu hapo alikuwa hajaniacha nile peke yangu hata Jumapili moja. Ananiita yaya, yaani dada, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Sasa ni wiki ya pili tumegombana, na sababu yake ni mwanaume asiyejua hata majina yetu.

Huyo mwanaume ni mgombea urais. Mimi namwita Kijana. Alipokuja Kisangani, watu walimsindikiza kutoka uwanja wa ndege kwa miguu, kwa pikipiki, kwa toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria. Wamama walifagia barabara kwa matawi ya mitende, wakatandika vikwembe vyao, vitenge vya kujifunga, chini ili apite juu yavyo. Mama Neema alitandika kikwembe chake cha harusi! Gari la Kijana likapita juu yake, vioo vimefungwa. Jioni alirudi sauti imekauka, tope mpaka magotini, anacheka peke yake njiani. Sijamwona na furaha ya namna ile tangu alipozaa mtoto wa kwanza.

Mimi sikwenda. Mimi niko na Mzee, mgombea mwenzake.

Mzee amefanya kazi za serikali maisha yake yote. Anajua ofisi ziko wapi na nani anaficha funguo. Alipokuwa waziri, sisi walimu tulipata mshahara mwezi ukiisha, jambo ambalo walimu wa leo wanadhani ni hadithi ya kuwalaza watoto. Naye alipita hapa, akaongea kwenye ukumbi wa parokia, polepole, barabara hii, daraja lile. Watu walisinzia. Haya, niseme ukweli wote: na mimi nilisinzia.

Simpendi Mzee. Namchagua kama mtu anavyomeza kinini, dawa chungu.

Ugomvi ulianza Mama Neema aliponiletea kikwembe cha kampeni. Wamama wote wa avenue walikuwa wameshashona, libaya, yaani blauzi, na kikwembe, uso wa Kijana kifuani, uso wa Kijana kwenye makalio. "Yaya, ya kwako njo hii." Ningesema aksanti, ningekiweka sandukuni, yangekwisha. Lakini ulimi wangu ni wa ubaoni. Nikamwambia sivai uso wa mtu ambaye hajaongoza hata shule ya msingi. Alikikunja taratibu, akaenda.

Kabla hajatoka kwenye lupango, uani kwangu, aligeuka. "Ile experience ya Mzee wako, alikuwa anaifanyia wapi? Huku kwetu haikufika." Barabara ya Buta imeoza mbele ya macho yetu, na miaka hiyo yote Mzee alikuwa ndani ya serikali. Siku nyingine najiuliza kama kweli nimechagua uzoefu, au nimechagua tu kuogopa kitu kipya.

Sasa sikiliza hili, wewe unayesoma, kama kuna anayesoma.

Jumapili niliwasikia kupitia mianzi wakipanga. Kesho alfajiri watakwenda shuleni kupiga kura wote pamoja, wamevaa nguo ya Kijana, wakiimba. Nami nimewahi kufanya kazi ndani ya ofisi ya kura. Ukija na nguo ya mgombea unarudishwa mlangoni, hakuna mjadala. Nimewarudisha watu kwa mkono wangu huu. Na mama akisharudishwa, akifika nyumbani akakuta moto umezimika na watoto wanalia njaa, kwenye foleni ile harudi tena.

Nikanyamaza.

Nilifurahi, hata. Wacha niandike tena nisije nikajifanya mtakatifu: nilifurahi. Kura za avenue nzima, zote za Kijana, zinakufa zenyewe bila mimi kuinua kidole! Nilikunywa chai nikaona Mungu naye ni mzee mwenzetu. Nikatamani kumsimulia mtu, tucheke mpaka mbavu ziume. Na mtu niliyetamani kumsimulia alikuwa Mama Neema.

Chai ikanishinda.

Leo asubuhi nikavuka. Nilimkuta anatwanga pondu, wamama wawili wamekaa naye. Nikasema, "Mama Neema, kesho musivae ile kikwembe. Watawarudisha." Hakusimamisha mchi. "Yaya, iko wivu tu inakusumbua. Ulikataa kuvaa, sasa unataka na sisi tuvue?" Nikamwambia ni sheria. "Sheria ya Mzee wako!" Wale wawili wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Nikarudi kwangu, nikajifanya napanga sahani.

Iliniuma sana. Si kuitwa mwenye wivu. Iliniuma kwa sababu ni kweli, kuna wivu. Mimi sijawahi kuimbia mtu barabarani. Kesho wataamka wakiwa na kitu kinachodunda kifuani, na mimi nitaamka na sababu zangu nzuri, na sababu hazikai na mtu mezani.

Ningeweza kusema nimeshawaambia, nimenawa mikono. Mzee asingelalamika. Nimejaribu kuliamini hilo mchana kutwa, haliingii.

Alors, nimefungua sanduku. Nimetoa vikwembe vyangu vyote visivyo na uso wa mtu: vya ndege, vya maua, hata kile cheusi cha matanga. Nimevikunja ndani ya beseni. Kesho kabla ya jua nitasimama kwenye geti la shule. Wakirudishwa, nitawapa wajifunge kutoka kifuani mpaka miguuni, waingie, wamchague Kijana wao. Kila kikwembe nitakachotoa ni kura moja dhidi ya Mzee. Najua. Hebu niambie, huo ni uzoefu gani?

Watanicheka. Mama Neema labda atachukua bila kuniangalia. Achukue tu. Wakishaingia wote nitaingia na mimi, wa mwisho, peke yangu, nimpe Mzee kura yangu.

Kile cha maua mekundu nimekiweka juu kabisa. Mama Neema amekitamani miaka yote, ameona haya kuniomba.