Siasa Ilipoingia Uani kwa Bi Raya

Alhamisi, alasiri. Joto limeukalia mji na mvua ya vuli haina hata dalili. Kunguru wa mtaani kwetu, ambao siku zote hawana adabu, leo wamejipanga juu ya nyaya kimya. Niko juu ya paa la nyumba, kwenye vyungu vyangu vya maua. Simu nimeilaza kifudifudi kwenye ukingo.

Naiogopa.

Kwa mgeni anayepita katika ukurasa wangu huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Mji Mkongwe, na nasimamia kundi la simu la wanawake wanaopenda maua ya kunukia. Kazi yetu kubwa ni vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba. Asumini tunazichuma alasiri zingali tumba, tunazifunga pamoja na rehani, mpachori na langilangi, na mwanamke akishakibandika kifuani, tumba zinafunguka usiku palepale alipo. Hakuna mwenye mimea yote nyumbani kwake. Sisi wa mjini tuna vyungu, wa Mtoni wana nyua, wa Kidichi wana mashamba, na wenzetu wa Uroa wanapigana na mchanga na chumvi wapate rehani mbili tatu. Basi tunachumiana.

Desturi yetu ni kwamba mwanachama haombi ruhusa. Anaandika tu kundini, "Nnachuma kwa fulani," anaingia, anachuma, anaurudishia mlango. Mwenyewe awepo, asiwepo. Na ni mimi niliyeandika kundini namna ya kufungua kila mlango: kwa huyu sukuma kwa goti, kwa yule ufunguo uko chini ya chungu, kwa Bi Raya wa Mtoni vuta kamba iliyo nyuma ya bati. Niliona fahari sana. Nikajiambia Unguja nzima hakuna watu wanaoaminiana kama sisi.

Kisha zikaja kampeni.

Ilianza kwa utani. Mmoja alituma picha ya kikuba alichokifunga kwa kitambaa cha rangi za chama chake. Tukacheka. Mwingine akatuma cha rangi za chama cha pili, tukacheka zaidi. Bi Zuleikha wa Kidichi, ambaye tunalisimamia kundi pamoja, akanipigia. "Shoga, zuia mambo haya mapema. Leo wanacheka, kesho watatukanana."

Nikambishia. Mimi na ubishi ni chanda na pete. Nikamwambia humu hakuna watoto wa darasa langu, ni watu wazima, na kama wanawake wanaochumiana maua hawawezi kujadiliana siasa, basi nani ataweza? Nililipenda sana neno langu hilo. Nililirudia hata kwa mume wangu wakati wa chakula, naye akaendelea kutoa miba ya samaki.

Lakini sababu ya kuwaacha waseme nilikuwa nayo. Bi Raya ni mjane, mtu mzima kwetu sote, na ua wake umo katika eneo ambalo watu wanasema litachukuliwa na serikali kwa ujenzi. Uani pana mlangilangi aliopanda marehemu mama yake, na nusu ya langilangi za vikuba vyetu zinatoka pale. Alipoanza kulalamika kundini, baadhi ya wenzetu wakamwambia hapa ni mahali pa maua, siasa azipeleke kwengine. Akawatumia sauti. "Mti wangu ukikatwa, hiyo ni siasa au ni maua? Niambieni basi nikasemee wapi."

Mimi nilimtumia alama ya moyo. Ndio ushujaa wangu wote.

Baada ya hapo utani ukaisha, zikabaki "sisi" na "nyinyi." Zuleikha aliyetaka tunyamaze naye akaingia, maana chama chake kiliguswa, akatuma sauti kwa ule ukali wake wa kukata maneno, akasema kwamba wapo watu wanataka nchi isijengwe kwa ajili ya mti mmoja. Siku ya pili namba isiyo na jina ikaandika: "Humu tunajuana mpaka majumbani." Hayo tu. Siku nyingine ningelisoma kama sifa. Safari hii niliyasoma mara mbili, na kabla sijajua niandike nini, namba ile ikajitoa kundini. Watu tunaoweza kumwingiza mtu ni mimi na Zuleikha. Mimi sikuiingiza. Ingawa, niseme kweli, kiungo cha kundi tulikuwa tukikigawa ovyo kwenye kila harusi.

Nilitakiwa nifunge mjadala siku ile. Nilisema nitaufunga kesho.

Taratibu "nnachuma" zikapungua. Waliobaki wakawa wanachuma kwa wa upande wao tu. Asumini zangu zilikuwa zinafungukia vyunguni na kuanguka chini, nikawa nazifagia kila asubuhi.

Jana Bi Raya akanipigia. Hakunisalimia. "Mwalimu, njoo," akakata.

Nikenda Mtoni baada ya skuli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananiongoza nyuma ya nyumba, hanitazami. Mlangilangi ulikuwa umesimama kama siku zote, majani kijani, maua yamening'inia, harufu imejaa uani. Nikashusha pumzi. Nilidhani nitakuta kisiki.

Bi Raya akainama, akatenga rehani zilizoota chini ya mti, akanionyesha shina. Gome limechunwa kulizunguka lote, upana wa vidole vitatu, mpaka kwenye mti mweupe. Limechunwa safi. Hakuna hata mkwaruzo wa kukosea.

Mtu wa hasira angekuja na panga. Huyu alikuja na kisu kidogo na subira. Mti uliofanywa hivyo haufi siku hiyo, unabaki kijani, unatoa maua, watu wanaendelea kuuchuma, na huku mizizi haipati tena chakula. Najua kwa sababu sote kundini tunajua. Tulifundishana wenyewe namna ya kuotesha mizizi juu ya tawi ili upate mche mpya: unachuna gome kwa duara, unafunika kwa udongo, unafunga kitambaa. Zuleikha ndiye aliyetuletea video, na alitusisitiza mara nyingi kwamba ni tawi tu, kamwe si shina, ukichuna shina umeua mti.

Na ile kamba ya mlango ilikuwa imerudishwa nyuma ya bati, vizuri kabisa.

"Mtu wetu huyu," alisema Bi Raya. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikamwambia leo hii nitalisema kundini na nitapiga marufuku siasa, asiyetaka atoke. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na joto lote lile.

"Usiseme kitu, mwanangu. Wala usiwafunge mdomo. Ukiwafunga watanyamaza wote, na yeye atanyamaza pamoja nao, kisha atakuja hapa nimpikie chai. Kheri waseme nisikie."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Ndio maana silali."

Kisha akaniambia lililokuwa linamtafuna hasa. Jumapili anamwoza binti yake, Nasra. Kwetu kikuba cha bibi harusi hakinunuliwi wala hakitoki nyumba moja, kila mwanachama analeta ua lake siku hiyo, anaingia kwa mlango ule ule, anaweka kwenye sinia. Haijatokea nyumba ikakosa. Bi Raya hajui afanye nini. Akiacha mlango wazi, ataingia na yule. Akitia kufuli, amewafungia watu wote waliokaa naye matanga ya mumewe, na Nasra atatoka na kikuba cha kununua sokoni kama mtoto asiye na watu. "Niambie wewe uliyesoma," akasema. Nikainama nikachota udongo.

Tuliupaka kwenye jeraha la mti na kulifunga kwa kipande cha kanga. Ilikuwa kujifariji tu. Anayejua kuutibu mti kama huo ni mmoja katika kundi, anaunganisha vijiti vibichi kutoka gome la chini hadi la juu, na alishatuambia kuwa mti ukiwahiwa unapona, ukichelewa hauponi. Huyo ni Zuleikha. Nilitoa simu nimpigie. Nikaitazama, nikairudisha kwenye mkoba. Bi Raya aliniona.

Niliporudi nyumbani nilifuta ule ujumbe wangu wa milango. Kazi bure. Watu wameshaukariri.

Leo skulini, kati ya kipindi na kipindi, niliisikiliza tena sauti ya Zuleikha akisema "mti mmoja." Mara ya kwanza nilisikia mtu aliyekasirika kwa sababu chama chake kimesemwa. Nilipoirudia nikasikia mtu anayeutaka mti wenyewe uondoke. Nikaona aibu, maana huyu ndiye aliyelala nami hospitali nilipojifungua mwanangu wa mwisho, lakini aibu haikunizuia kuirudia tena.

Sasa hivi, kabla sijaanza kuandika haya, alinitumia ujumbe, si kundini, kwangu mwenyewe: "Shoga, nnapita kwako kuchuma rehani."

Rehani ziko hapa mbele yangu, zimejaa mpaka zinafunika mdomo wa chungu.

Nikamjibu: "Zimekwisha."

Sikufikiri. Vidole viliandika vyenyewe. Tangu tuanze kundi hili hakuna aliyemwambia mwenziwe zimekwisha, hata Uroa wenye rehani mbili tatu.

Akaleta sauti fupi. "Haya. Nilizitaka za kikuba cha Nasra. Na ule mti usiachwe na udongo tu, unahitaji vijiti, na kazi isipite kesho."

Hapo ndipo nilipoilaza simu kifudifudi. Sikumwambia mtu habari za mti, hata mume wangu, na haya ninayoyaandika bado sijayatoa. Bi Raya alinikataza nisiseme. Kwa hiyo ama Bi Raya mwenyewe amemwita Zuleikha, kwa kuwa anautaka mti wake kuliko anavyotaka kujua ni nani, na mimi nimemfungia mlango mtu aliyekuwa anakwenda kusaidia. Ama hakuna aliyemwambia, na alirudi mwenyewe kuitazama kazi yake. Njia ya kujua ni kuuliza. Nikimwuliza Bi Raya, nimemtia moyoni shaka ya Zuleikha, na hapo haitatoka tena. Nikimwuliza Zuleikha, atajua nimemdhania nini.

Mimi niliyesema watu wazima waachwe wasemezane.

Nimeigeuza simu. Nimeandika "Nani kakwambia?" nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Naona kwamba na yeye anaandika. Anaacha. Anaandika, anaacha. Tumekaa hivyo tangu jua liko juu ya misikiti mpaka limeshuka, mimi mjini, yeye Kidichi, na mti wa watu unakufa Mtoni.